Mchicha wa Balambala na Mto Uliofungwa

Anayetafuta habari za zamani za Balambala atakutana kwanza na mifugo. Maofisa wa kikoloni, tume za ukame na wapangaji wa serikali za baada ya uhuru wote walihesabu ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Wakahesabu visima na malambo. Penye wasiwasi wakahesabu na bunduki. Mboga haimo. Ikitajwa, hutajwa katika ukurasa wa miradi, kana kwamba mchicha ulishuka Garissa kwa lori moja na magunia ya unga wa msaada, ukisindikizwa na bwana shamba kutoka bara. Simulizi hiyo imerudiwa mno hata ikaonekana haihitaji ushahidi. Mimi nakubali nusu yake: kilimo cha mchicha ni cha juzi. Mchicha wenyewe si wa juzi hata kidogo, na historia inayofaa kuandikwa imo katika pengo hilo kati ya mmea na kilimo chake. Ninachodai ni kwamba kandokando ya Tana mchicha ulikuwa mboga ya bure iliyofuata mafuriko, ukageuka zao la kupandwa, kumwagiliwa maji na kuuzwa pale mto ulipofungwa kwa mabwawa na mifugo ilipopungua. Upungufu ndio ulioufanya zao, na miradi ikaja kuukuta njiani.

Tuanze na mahali penyewe. Balambala ni kaunti ndogo ya Garissa, juu ya mji wa Garissa ukiufuata Tana kuelekea bara. Tangu uchaguzi wa 2013 ni eneo bunge lenye wadi tano, yaani Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri, lililomegwa kutoka lililokuwa eneo bunge la Dujis. Mvua ya upande huu kwa mwaka mzima ni milimita 300 na kitu, tena huja kwa misimu miwili mifupi isiyoaminika, na joto la mchana hupita nyuzi 30 karibu mwaka wote. Kwa kutazama mawingu tu, hapa si mahali pa mboga ya majani. Lakini Tana hautegemei mawingu ya Garissa. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, husafiri karibu kilomita 1,000 hadi Bahari ya Hindi, na kwa karne nyingi yalifurika mara mbili kwa mwaka, takriban mwezi wa Mei na wa Novemba, yakaacha kingoni matope mapya yenye rutuba ya milimani.

Mchicha, ambao masoko ya bara huuita terere, ni mmea wa mahali kama hapo hasa. Jamii yake, Amaranthaceae, imejaa mimea iliyozoea ukavu na chumvi. Vichaka vya Suaeda, ambavyo ngamia wa kaskazini huvitafuna kwa ajili ya chumvi yake, ni ndugu zake. Mfungu wa Tanzania ni ndugu yake. Na tangu wataalamu walipounganisha jamii mbili kuwa moja, hata spinachi na bitiruti zimo ukooni. Kwa hiyo ngamia aliijua jamii hii muda mrefu kabla mwenye ngamia hajaitia sufuriani. Mchicha hujitengenezea chakula kwa njia ile ya mahindi na mtama, inayotumia maji kwa ubahili na kulifurahia jua kali. Gramu moja ya mbegu zake ina punje elfu moja na zaidi, na mche mmoja ulioachwa ukomae huweza kumwaga makumi ya maelfu. Punje hizo zikifukiwa hulala kwa miaka. Udongo ukivurugwa, zikapata mwanga, unyevu na joto, huamka zote pamoja, na wiki tatu au nne baadaye majani yanaliwa. Nyingine hupita tumboni mwa mfugo zikatoka hai katika kinyesi. Mmea wenye tabia hizo hauhitaji mtu wa kuuleta shambani. Unahitaji ukingo uliofurikwa au boma lililohamwa, na Balambala imekuwa na vyote viwili tangu watu na mifugo walipoanza kuufuata mto.

Nao watu waliouzoea ukingo wamekuwapo siku nyingi. Wamunyoyaya, wenye lugha ya jamaa ya Kioromo, wameishi sehemu hii ya Tana kwa uvuvi na kilimo. Wasafiri wa karne ya 19 waliliandika eneo lao kwa jina la Korokoro. Chini yao kuna Wamalakote, na chini zaidi Wapokomo hadi kwenye delta. Mjerumani Carl Peters alipopanda na Tana mwishoni mwa 1889, na Kapteni Dundas alipoupanda mto kwa meli ya moshi iitwayo Kenia mwaka 1891, walipita kwenye kingo za wakulima. Misafara ya aina hiyo haikuvuka nchi kavu kwa kula vumbi; ilikula vyakula vya watu wa mtoni, kwa kununua na wakati mwingine kwa nguvu. Kilimo cha watu hao kilikuwa cha kufuata maji: mafuriko yakipungua, mbegu zilizikwa katika tope lililo bado bichi, na unyevu uliobaki ardhini ukalea mmea hadi mavuno bila tone jingine.

Katika shamba la namna hiyo mchicha huwa na nafasi ya pekee, ambayo Afrika Mashariki nzima inaijua. Haupandwi, na haung'olewi wote. Mwenye kupalilia huondoa magugu, akiufikia huuacha, kisha huchuma ncha zake jioni za kupikia ugali. Hauna msimu unaotangazwa, hauna ghala, hautozwi kodi, wala hakuna mume anayeuhesabu katika mali yake. Ndiyo sababu hauonekani katika maandishi. Karani huandika kilichopandwa, kilichovunwa na kilichouzwa, na mboga iliyoota yenyewe haimo katika lolote kati ya hayo matatu.

Ukimya wa ripoti za Garissa una sababu nyingine, na hii ni ya kisiasa. Utawala wa kikoloni uliuona ukingo wa Tana kwanza kama mpaka. Wasomali walizuiwa kuhamia magharibi ya mto, na mstari kati ya Garissa na Tana River ulidaiwa kupita maili tatu mashariki ya maji, ili wakulima wa kingoni wabaki na ardhi yao. Mzozo wa maili tatu haujaisha hadi leo kati ya kaunti hizo mbili. Juu ya hayo, sheria ya wilaya maalumu ya 1934 ilidhibiti nyendo za watu wa kaskazini kana kwamba ni wageni katika nchi yao. Matokeo yake kwa mwanahistoria ni kwamba mfugaji na mkulima waliwekwa katika mafaili tofauti. Upande wa Garissa ulikusudiwa uwe wa mifugo, na ofisa aliyekuwa Garissa aliandika mifugo. Mtu akichukua ripoti hizo leo akasema hazitaji mboga, basi mboga haikuwapo, amesoma mstari wa mpaka akadhani amesoma shamba.

Atatokea msomaji atakayenipinga kwa botania. Aina tatu za mchicha wa nafaka, yaani Amaranthus cruentus, hypochondriacus na caudatus, ziliendelezwa kuwa mazao na wenyeji wa Mexico, Guatemala na milima ya Andes. Waazteki walitoza ushuru wa punje zake kabla Wahispania hawajauangusha mji wao mwaka 1521. Aina nyingine inayopendwa sana katika bustani za Kenya, Amaranthus dubius, nayo asili yake ni Amerika ya joto. Basi ukale wa Tana uko wapi? Najibu hivi: mahindi na mihogo pia vilitoka huko, na hakuna anayedai kwamba vililetwa na mradi wa juzi. Kilichovuka bahari baada ya Wareno kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 kilikuwa na karibu karne nne za kupanda mto kabla ya Peters. Tena mchicha wa Kiafrika upo: Amaranthus graecizans, ule mfupi wa majani membamba unaotambaa kwenye viwanja na kingo, haukumngoja Mreno. Kwa hoja yangu, hata hivyo, haijalishi sana ni aina gani iliyotangulia. Zote zina tabia moja, ya kuota pasipo kualikwa, na tabia hiyo ndiyo iliyouondolea mchicha haja ya kulimwa.

Mambo yalibadilika katika muda wa miaka ishirini. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, yote juu ya Balambala, yote kwa ajili ya umeme. Kubwa kwa athari ni Masinga, lililojengwa kuwa ghala la maji la mabwawa mengine na linaloweza kushika mita za ujazo bilioni moja na nusu hivi. Ghala la namna hiyo hufanya kazi mbili kwa mto ulio chini yake. Hupunguza kilele cha mafuriko, hasa yale ya Mei, na huzuia sehemu ya tope lililokuwa likishuka. Wakati huohuo huongeza maji ya kiangazi, kwa sababu mitambo ya umeme hailali, na maji yaliyoizungusha hutoka kila siku. Waliopima mtiririko wa Tana kabla na baada ya Masinga waliona yote mawili: vilele vimeshuka, viwango vya chini vimepanda. Kwa mkulima wa tope hiyo ilikuwa hasara tupu, kwani ukingo wake uliacha kufurikwa kwa kawaida na shamba lililokuwa likijirutubisha likawa kavu juu ya ukuta wa mto. Kwa mwenye mashine ya kuvuta maji ilikuwa faida, kwani Januari na Februari mto bado una kitu cha kuvuta. Mto uleule ulimnyima mmoja na kumpa mwingine. Mchicha uliokuwa ukifuata mafuriko ukapungua kingoni, na mchicha wa kumwagiliwa ukawezekana mwaka mzima.

Mabwawa peke yake yasingetosha. Uwezekano wa kulima haumfanyi mfugaji mkulima. Anapaswa pia kukosa alichokuwa nacho. Hayo yalitendeka katika miaka hiyohiyo. Wakati wa vita vya shifta, vilivyoanza 1963 na kumalizika kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, serikali iliwakusanya watu wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi ilikufa, ilinyang'anywa au ilipotea kwa kukosa malisho. Kabla majeraha hayo hayajapona ukaja ukame wa 1973 na 1974, kisha wa 1984. Familia iliyobaki na mbuzi wachache haiwezi kuhama na mvua. Hukaa karibu na mji, karibu na barabara, karibu na maji. Waliokuja kukaa Sankuri, Saka na pembezoni mwa mji wa Garissa walikuta mto usiofurika kama zamani, ardhi ya kingoni iliyokauka lakini yenye rutuba ya miaka, na samadi ya mbuzi isiyo na mnunuzi. Kwa mtu aliyepoteza mtaji, mchicha una sifa ambayo embe na ndizi hazina: hurudisha pesa kabla mwezi haujaisha.

Hapa linakuja pingamizi lenye uzito zaidi. Wapo watakaosema kwamba kilichouzaa mchicha wa Garissa ni soko, si mto. Wafugaji wa Kisomali hawakuwa walaji wa majani. Chakula chao kilikuwa maziwa, nyama, na baadaye wali, chapati na anjera, na majani yalionekana kuwa haki ya mbuzi. Walioitaka mboga ni walimu, askari na makarani kutoka bara, waliozoea terere na sukuma wiki kwao. Sehemu kubwa ya maneno haya ni kweli, na anayeyakataa anaifanya historia iwe ya kupendeza kuliko ilivyokuwa. Lakini soko hilo halikuanza na bustani. Maboma ya serikali na kambi za askari zilikuwapo Garissa enzi za Mwingereza, na tangu uhuru mji huo ulikuwa makao makuu ya mkoa mzima. Wanunuzi walikuwapo miaka mingi, na bustani za kingoni hazikupanuka hadi ukame ulipowafukuza watu malishoni na maji ya kiangazi yalipopatikana. Soko linaeleza mboga iliuzwa kwa nani. Halielezi kwa nini mtu wa ng'ombe alikubali kushika jembe, kazi ambayo zamani aliwaachia watu wa mtoni na mara nyingi aliidharau. Na tabia ya kula nayo haikusimama. Leo katika Soko Mugdi mafungu ya mchicha hupangwa karibu na nyama na maziwa ya ngamia, na wanunuzi wake si wageni pekee.

Na miradi je? Sisemi haikufanya lolote. Mashine, mabomba, mbegu na mafunzo vilikuja kwa mikono ya wizara, mashirika ya msaada na makanisa, na kambi za Dadaab zilizofunguliwa kuanzia 1991 zilishuhudia bustani za magunia zikioteshewa mboga mahali ambapo hata mto haupo. Ila tazama mradi ulikusudia nini na nini kilibaki. Mpango mkubwa kuliko yote katika Tana ya kati ulikuwa Bura, uliokusudiwa kumwagilia hekta 6,700 za pamba na mahindi kwa mikopo ya nje. Haukufika hata nusu ya eneo hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umelala. Skimu ya Hola, iliyoanzishwa 1953 kwa kazi ya wafungwa wa Mau Mau, nayo ilikufa mwaka 1989 mto ulipohama na kuziacha pampu zake kavu. Katika ramani za wapangaji hao hapakuwa na mchicha hata kitalu kimoja. Pamba ilikuwa na hekta, mameneja na wahandisi. Mchicha ulikuwa na mama mwenye ndoo. Pamba ilipokoma Bura, mboga za kingoni hazikukoma, kwa sababu hazikuwa zimengoja mhandisi ziote.

Lakini kugeuka zao kuna gharama, na wanaousifu mchicha wa kisasa huziruka. Mboga ya mafuriko ilikuwa ya yeyote aliyepita na kikapu. Mboga ya mashine ina mwenyewe: mwenye ardhi, mwenye pampu, mwenye pesa za mafuta, na mara nyingi kibarua anayelipwa kwa siku. Mwanamke wa Kimunyoyaya ambaye bibi yake alichuma ukingoni bila kuuliza sasa hununua fungu, au hulima kwa ruhusa. Mbegu nayo imeanza kununuliwa. Hilo si baya lenyewe; aina za Madiira zilizochaguliwa Arusha na kutolewa rasmi Tanzania zina majani mapana na huchelewa kutoa maua, na kwa muuzaji majani ndiyo pesa. Lakini anayevuna kwa kung'oa mche mzima akiwa na wiki nne haachi mbegu, na mwaka unaofuata humtegemea muuza duka kwa kitu ambacho mto ulikuwa ukikitawanya bure. Ongeza mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Bura na Hola kuzuia jangwa, ambao umeziba kingo nyingi na sasa hulazimu panga kabla ya jembe.

Tena mto uliofungwa haukufungwa kabisa. Mvua zikizidi milimani, mabwawa hujaa, na maji yanayomwagika huwakuta watu waliokwisha kujenga na kupanda hadi ukingoni kwa kudhani mafuriko ni hadithi ya wazee. Ndivyo ilivyokuwa katika El Niño ya 1997, katika mvua za 2018, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, mashamba ya Garissa yalipomezwa na mashine kuchukuliwa. Tofauti na zamani ni kwamba mkulima wa tope aliyangoja mafuriko, na mkulima wa pampu huyakimbia. Na maji yakishapita, katika matope yaliyofunika vitalu vilivyopotea, kinachoota kwanza bila kupandwa ni magugu, na mchicha ukiwa mmoja wao.

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kulinda urithi. Juhudi hizo zilianza na mboga, na watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wamekuwa wakizitetea mboga za kienyeji tangu zilipokuwa zikiitwa chakula cha maskini. Walakini picha zinazotumika karibu zote ni za magharibi na za nyanda za juu, penye mvua na penye masimulizi ya bibi na bustani. Tana ya kati haimo, kwa sababu inaaminika kuwa nchi ya ng'ombe, na imani hiyo, kama nilivyoonyesha, iliandikwa na mpaka wa kikoloni na kuendelezwa na makarani.

Sasa kuna bwawa jingine linalozungumzwa, High Grand Falls, lililomo katika mipango ya Dira ya 2030, nalo likijengwa litakuwa kubwa kuliko Masinga na karibu zaidi na Balambala. Katika hesabu za faida na hasara zake, umeme utahesabiwa kwa megawati na umwagiliaji kwa hekta. Wakulima wadogo wa Balambala, Saka na Sankuri, na Wamunyoyaya wa kingo zote mbili, wanastahili kuhesabiwa nao, pamoja na mboga wanayoipata na ile waliyokwisha kuipoteza. Kaunti ya Garissa iingize mboga za kingoni katika takwimu zake za kilimo kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, na idai kwamba bwawa jipya lipangiwe kuachia mafuriko ya Mei na ya Novemba kwa kiasi na kwa taarifa. Mlango wa bwawa unaoweza kufungwa kwa ajili ya umeme unaweza kufunguliwa kwa ajili ya shamba.